Zotero kwa mkunga anayepanga tasnifu

Wengi wanaijua Zotero kama programu ya kupanga marejeo mwishoni mwa tasnifu. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Mimi ni mkunga wa leba katika hospitali ya wilaya, nasoma shahada ya uzamili huku zamu zikiendelea, na faida kubwa niliyoipata ni ya mapema zaidi: imenisaidia kulipata swali la utafiti wangu.

Mada yangu ni ujazaji wa partografu, fomu yenye grafu ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa kuzaa. Fomu hiyo naishika kila siku, ila makala zinazoihusu hazizungumzi lugha moja. Za zamani nyingi zinafuata partografu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyorekebishwa, ambayo grafu yake inaanza mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4. Mwongozo wa WHO uliotoka 2020 umesogeza mwanzo huo hadi sentimita 5 na kuondoa mstari wa tahadhari, ule wa kuonyesha uchungu unaochelewa. Kwa hiyo makala mbili zinaweza kutoa asilimia zinazokaribiana, kumbe kila moja inapima kitu chake. Ukizichanganya kwenye pendekezo la utafiti, msimamizi aliyewahi kufanya kazi leba atakurudisha mwanzo.

Hapo ndipo lebo za Zotero zilipofanya kazi. Kila makala niliipa lebo: "sm 4" au "sm 5", "mafaili ya zamani" au "uangalizi wa moja kwa moja", "rufaa" au "wilaya". Ukibofya lebo mbili kwa pamoja, zinabaki zile tu zenye zote mbili. Nilipobofya "sm 5" na "wilaya", orodha yangu ilibaki fupi sana, na nikajua pa kuchimba. Msimamizi wangu naye aliliona pengo hilo upesi, kwa sababu maktaba ya pamoja inamruhusu kuona orodha ileile ya makala na lebo ninazoziona mimi.

Kitu kingine ambacho mtu wa afya asikipuuze: makala iliyoondolewa na jarida baada ya kuchapishwa huwekewa onyo jekundu ndani ya Zotero. Dada zangu wakunga, tunaandika mambo yanayomhusu mama aliyelala kitandani. Onyo hilo peke yake lingetosha kunifanya niipakue programu hii.

Programu ni ya bure. Ilianzishwa 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na msimbo wake uko wazi. Ukishapakua makala, unazisoma na kuzipigia mstari wa rangi bila intaneti, jambo muhimu kwa anayesoma usiku wa zamu. Chuo kikitaka mtindo wa marejeo wa Vancouver badala ya APA, unabadilisha mara moja na orodha nzima inajipanga upya, iwe unaandika kwa Word au LibreOffice.

Mapungufu yapo. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni MB 300, na PDF zinaijaza haraka. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mimi nimezima uhifadhi huo, PDF zinakaa kwenye kompyuta na nakala kwenye flashi. Kinachoniudhi zaidi ni nyaraka zetu wenyewe. Makala ya jarida ukiingiza DOI, yaani namba yake ya utambulisho, Zotero inajaza kila kitu, lakini mwongozo wa Wizara uliopigwa skani hautambuliki, inabidi uandike kila kipengele kwa mkono. Na ukiandika "Wizara ya Afya" kwenye visanduku viwili vya jina, itaichukulia kama mtu mwenye jina la ukoo. Badilisha kwanza iwe kisanduku kimoja, kuna kitufe pembeni yake.

Kwa muuguzi, mkunga au tabibu anayeanza kupanga tasnifu, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Iweke kabla hujapakua makala ya kwanza, na lebo zako zitoke kwenye maneno mnayotumia wodini.