Seti ya ethi ya sola: vifaa vizuri, maelezo ovyo

Seti hii ni ya ethi, yaani ya kuunganisha fremu za paneli za sola na ardhi. Nianze na fimbo inayochimbiwa ardhini, maana hapo ndipo wengi hupunjwa. Zipo fimbo za chuma zilizopakwa shaba nyembamba kama rangi ya kucha. Zikipita kwenye kokoto shaba inabanduka, kutu inaanza kazi. Ya seti hii ina unene wa milimita 16 na urefu wa mita 1.2, na nimeikwaruza ncha kwa tupa nikaridhika. Imezama kwenye mfinyanzi wenye kokoto bila kupinda. Kuna na kofia ya kugongea, kwa hiyo nyundo haikuharibu kichwa ambacho klempu, kibanio cha waya, inakishika.

Nilichokipenda zaidi ni washa zenye meno, zile pete bapa za kuweka chini ya bolti. Fremu ya paneli ina tabaka gumu lisilopitisha umeme. Funga waya juu yake kwa bolti ya kawaida, kwa macho umefunga, kwa umeme bado. Meno haya yanalitoboa mpaka kwenye alumini yenyewe. Vichwa vya waya navyo vimepakwa bati, shaba isigusane na alumini. Zikigusana kwenye unyevu, alumini huliwa.

Waya ni wa milimita 6 za mraba, kijani na njano, ila ni mfupi. Haukufika chini kutoka paani. Sikutaka kiungo njiani, nikanunua mzima.

Sasa karatasi ya maelezo. Inasema chimbia fimbo karibu na paneli, basi. Kama nyumba tayari ina fimbo yake ya ethi, hizo mbili lazima ziunganishwe kwa waya. Zikiachwa kila moja kivyake, radi ikipiga jirani zinakuwa na volti tofauti, na umeme unatafuta njia kati yake kupitia inveta yako! Hilo halijaandikwa popote. Badala yake wameandika "kinga kamili ya radi". Kinga gani, na kwenye boksi hakuna hata kifaa kimoja cha kukata volti zinazopanda ghafla?

Pia wanasema upime ethi kwa mita ya kawaida. Hiyo inakuonyesha kama waya umeshika, si upinzani wa udongo. Niliazima kipima ethi cha fundi, kile cha vijiti viwili vya pembeni: ohm 38. Nikaongeza fimbo ya pili, mbali na ya kwanza kuliko urefu wake, ikashuka hadi 21.

Nyota tatu. Ukiinunua, chukua na fimbo ya ziada pamoja na klempu yake.