Kituo kilichomtunza mbwa wangu wa kuniongoza nilipolazwa: wako vizuri, ila kuna jambo moja

Mimi sioni, natembea na mbwa wa kuongoza wasioona, Labrador mweusi anaitwa Jeki, na juzi kati ilibidi nifanyiwe upasuaji. Chumba cha upasuaji mbwa haingii hata awe na mafunzo gani, hilo nalielewa kabisa, alafu hata nikitoka humo ntakuwa mtu wa kulala tu, nani atamtoa nje? Kwahiyo nikatafuta kituo cha kumwacha. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye mbwa wa kazi, maana maoni mengi ya hivi vituo yanatoka kwa watu wenye mbwa wa nyumbani na mahitaji hayafanani.

Dada wa mapokezi aliuliza chanjo, ya kichaa cha mbwa na ya kile kikohozi wanachoambukizana wakikaa wengi, alafu akaniuliza Jeki anajisaidia kwa amri gani. Hapo roho ikatulia. Jeki kafundishwa kujisaidia akiambiwa, sehemu aliyoonyeshwa, ukimwachia ajisaidie popote anapojisikia tabia inaharibika na mimi ndo ntakuja kuteseka barabarani. Akaandika amri zangu zote kwa maneno yaleyale ninayotumia. Chakula niliwapelekea kimeshapimwa, wakakifuata vilevile. Hanesi, yaani ile mikanda ya mwilini yenye mpini ninaoushika akiniongoza, sikuwaachia, maana akivishwa ile anajua yuko kazini, na sitaki mtu mwingine aishike amzungushe nayo. Hawakubisha.

Mwanzoni walinitumia picha. Simu inanisomea "picha" basi, sijui amekula au amegoma. Nikawaeleza, na kuanzia hapo kijana anayemhudumia akawa ananitumia voisi kila jioni, yaani nasikia kabisa bakuli linasukumwa sakafuni na kucha zake zinagonga, alafu kijana anasema "leo kala yote, choo kigumu, mchana kalala mlangoni." Hiyo ya mlangoni ilinitoa machozi, maana ndo anavyonisubiri nikiwa bafuni.

Watu wanadhani unamkumbuka tu kama mtu anavyomkumbuka mnyama wake. Jamani, mkono wangu wa kushoto ulikuwa unashuka wenyewe kutafuta mpini wa hanesi! Nilivyoanza kutembea nikarudi kwenye fimbo nyeupe, naishukuru sana fimbo, lakini fimbo mpaka iguse kitu ndo ujue kipo, na tawi lililoning'inia usawa wa uso haligusi kabisa. Mbwa anakuzungusha hata hujui kama kulikuwa na kitu. Unachoka kichwa, kila hatua unaifikiria mwenyewe.

Sasa lililonikera. Wateja waliokuja kuchukua mbwa wao walikuwa wanampa Jeki vipande vya chakula, na wafanyakazi wanaona. Niligundua tuliporudi nyumbani, tukipita watu wanakula anashusha pua na kuvuta, kitu ambacho hakuwa nacho. Kwa mbwa wa kuongoza hilo sio dogo hata kidogo, akiwaza chakula akili haiko kwenye ngazi wala magari. Nilimpigia meneja, hakukataa, akaomba radhi akasema mbwa wa kazi watawekwa mbali na eneo la wageni.

Kumrudisha kwenye mstari kulichukua uvumilivu, tulianza na amri ndani ya nyumba, baadae njia fupi tunazozijua, barabara kubwa nikaiacha mpaka mwisho, na kila akipita chakula bila kunusa nampongeza hapohapo. Sa hivi yuko sawa. Majuzi nilimwambia twende akagoma kunyanyua mguu, na gari likapita mbele yetu, lile la kimyakimya la umeme, sikulisikia kabisa.

Nyota nne kati ya tano. Ntawarudia, sababu ya ile amri aliyouliza dada na zile voisi za kijana, ila safari ijayo naandika kwenye fomu yao kabisa kwamba Jeki asipewe kitu na mgeni yeyote, na wewe ukienda na mbwa wa kazi andikisha hivohivo kabla hujakabidhi kamba.