Huduma ya upasuaji wa ngiri: sindano ilikuja kwa wakati wake, vidonge vikazidi

Nilifanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena na kuwekewa wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo katika hospitali ambayo sitaitaja jina. Tathmini yangu haihusu chakula wala shuka, bali jambo ambalo wagonjwa wengi hatuliulizii: namna hospitali inavyotumia antibiotiki za kuzuia maambukizi ya kidonda.

Kwa upande wa thieta sina lawama hata moja. Daktari wa usingizi aliniuliza tena, ingawa nilikwisha kuulizwa wodini, iwapo penisilini imewahi kunidhuru. Akasoma kwa sauti maandishi ya kichupa, sefazolini (antibiotiki iliyo jamaa ya penisilini) gramu 2, akaisukuma taratibu kwenye mshipa, kisha akatazama saa ya ukutani na kuandika dakika yenyewe. Kwa kuwa nilichomwa ganzi ya mgongo, nilisikia pia muuguzi akiwasimamisha wote kabla ya kisu na kuuliza kama antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Swali hilo si la kutimiza desturi tu, kwani dawa inatakiwa iwe imekwisha kuenea katika nyama wakati ngozi inapokatwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992, uliofuatilia wagonjwa 2,847, ulionyesha kwamba waliopewa dawa katika saa mbili za mwisho kabla ya kukatwa walipata maambukizi kwa asilimia 0.6, ilhali waliopewa mapema zaidi ya hapo walifikia asilimia 3.8.

Wodini mambo yalikwenda kombo. Asubuhi ya kuruhusiwa nilikabidhiwa vidonge vya antibiotiki vya siku saba, na nilipouliza ni vya nini, kidonda kikiwa kikavu na mwili hauna homa, nilijibiwa, “Ndio utaratibu wetu, mzee, kila aliyepasuliwa anapewa.” Utaratibu huo unapingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016, unaoshauri kwamba antibiotiki za kinga zisiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika, kwa sababu siku za ziada hazimwongezei mgonjwa ulinzi, bali humletea kuhara na kuwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu dhidi ya dawa. (Mwenye maambukizi yaliyokwisha kuanza ni habari nyingine, huyo anatibiwa, hakingwi.)

Niliomba kumwona daktari aliyenipasua, naye alikuja, akakikagua kidonda, akapiga mstari juu ya dawa hiyo kwenye cheti bila ubishi wowote, jambo lililonifanya nijiulize nani basi huiandika kila siku. Siku ya kumi nilirudi kliniki na mshono ulikuwa umefunga vizuri. Vidonge sikuvichukua, ila kwenye ankara vilibaki vimehesabiwa.