Makerere na Dar es Salaam: vyuo viwili vya udaktari vilivyoanza tofauti

Makerere ndiyo kongwe. Mafunzo ya tiba yalianza pale mwaka 1924, miaka 2 tu baada ya chuo chenyewe kufunguliwa kama shule ya ufundi, na wanafunzi walijifunzia katika hospitali ya Mulago. Lengo la wakoloni halikuwa kuzalisha madaktari kamili. Walitaka wasaidizi wa kufanya kazi chini ya madaktari wa Kizungu. Ilichukua zaidi ya miaka 30, hadi 1957, Baraza la Madaktari la Uingereza kuitambua sifa ya Makerere. Fikiria: mtu anatibu wagonjwa maisha yake yote, lakini cheti chake hakihesabiki sawa na cha mwenzake.

Dar es Salaam haikupitia ngazi hiyo ndefu. Shule yake ya udaktari ilifunguliwa 1963, chini ya Wizara ya Afya ya nchi iliyokwisha kujitawala, kwenye hospitali ambayo zamani iliitwa Princess Margaret na leo ni Muhimbili. Ilianza kwa stashahada, kisha 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu.

Kwa upande wa utafiti, Makerere ilitangulia mbali: daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza huko Kampala, mwaka 1958, saratani ya watoto inayobeba jina lake. Ila kwa kasi naipa Dar es Salaam: miaka 5 kutoka stashahada hadi kitivo si mchezo.