Jioni ya kuonja mvinyo wa Dodoma hapa Bagamoyo: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kutembeza wageni Bagamoyo, na mwaka hadi mwaka nimewaona wakishuka kwenye basi dogo asubuhi, wakizunguka Caravan Serai, Ngome Kongwe na Kaole, kisha ikifika saa kumi wanarudi Dar es Salaam bila kulala hata usiku mmoja. Niliposikia kwamba nyumba moja ya wageni ya Mji Mkongwe imeandaa jioni ya kuonja mvinyo wa Dodoma katika wiki ya tamasha la TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa Bagamoyo, nililipa kiingilio cha shilingi 40,000 ili nijionee mwenyewe kabla ya kumpeleka mtu.

Tulikaa uani, chini ya mwarobaini, baada ya sala ya Isha, na hilo peke yake lilinionyesha kwamba wenyeji wetu wanaujua mji wao. Mwenzangu, ambaye hanywi kileo, alipewa juisi ya zabibu katika glasi kama zetu, wala hakuulizwa maswali. Mtaalamu aliyetuongoza alikuja kutoka Dodoma na vichala vya zabibu nyekundu za aina ya Makutupora, akatueleza kwamba kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, akampa kila mmoja wetu punje chache azipasue kwa vidole. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akisema, kwamba wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda, ambayo huachwa yachachuke pamoja na juisi: kucha zangu zilikuwa na zambarau hadi kesho yake.

Mvinyo wa Makutupora ulikuwa mkavu, yaani usio na utamu, na pamoja na pweza wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu ulikubali kuliko nilivyotarajia. Kilichonigusa zaidi ni historia. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo ambako ndiko iliko Dodoma, kabla ya kufika pwani yetu, na mizabibu ya Ugogo huohuo ilipandwa na wamisionari waliohitaji divai ya misa. Bagamoyo nako wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Mgeni akisikia hayo akiwa na glasi mkononi, hahitaji kushawishiwa kwamba sehemu hizi mbili ni safari moja.

Kasoro zilikuwepo, nami nilimweleza mwenye nyumba ana kwa ana. Barafu iliisha mapema, hivyo mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, ambao ndio ungefaa zaidi kwa kamba, uliletwa ukiwa na joto la chumbani. Pia tuliambiwa kiingilio kinajumuisha chakula, lakini mwishoni pweza akaonekana kwenye bili, na bei zake hazikuwa zimeandikwa popote.

Hata hivyo, wageni sita niliokaa nao meza moja walilala Bagamoyo, kwa sababu hakuna aliyetaka kushika usukani usiku ule. Asubuhi walikunywa chai na vitumbua kwa mama mmoja wa sokoni, nikawapeleka Kaole bila haraka, na wawili wakataka kujua namna ya kufika Dodoma wakati wa mavuno ya Februari. Nimeshaomba nafasi kumi za mwakani, kwa sharti kwamba bei zibandikwe mlangoni na barafu iwe ya kutosha.