Honda CRF230F kwa mtu anayeanza njia za porini: tulivyoichagua na tulivyoirekebisha imfae mdogo wangu

Wakuu, hii pikipiki tuko nayo mwaka na miezi kadhaa sasa, siendeshi mimi, anaendesha mdogo wangu wa kike, ila mimi ndo niliyeitafuta na mimi ndo nashika spana. Nimeona niandike yote kwa pamoja manake kila mara kuna mtu ananiuliza amchukulie nini mke wake au kijana wake anayetaka kuanza kuendesha porini, na nikimtajia jina la pikipiki tu naona nimemsaidia nusu. Nusu nyingine ni kuirekebisha imkae mwilini.

Kwanza vipimo vya mwenye pikipiki, bila hivo haya yote hayana maana. Urefu sm 158, uzito kilo 54, na alikuwa ameendesha pikipiki ya lami miezi minne tu. Mchanga hajawahi kuugusa.

Siku ya kwanza nilimpandisha kwenye ya kwangu, ni enduro, yaani pikipiki ya mashindano ya porini, siti yake inakaribia sm 96 kutoka chini. Vidole vya mguu mmoja ndo viligusa, mguu wa pili ukabaki unaning'inia. Akaenda mita kama hamsini, mabega yamepanda mpaka masikioni, viwiko vimekaza, macho yote kwenye tairi la mbele, akarudi akasema "kaka, nishushe". Nilimshikia pikipiki akashuka, na nikaona kabisa hapo hakuna alichojifunza, mtu akiwa kwenye hali ile anahesabu tu lini atashuka. Hilo kosa ni langu, nilimpa pikipiki ninayoipenda mimi.

Basi tukaanza kutafuta upya na nikajiwekea mambo ya kuangalia: mguu ufike chini, uzito awe anaweza kuinyanyua mwenyewe ikilala, na injini iwe na nguvu za chini zinazokuja taratibu. Watu wengi wanaanza na cc, wanauliza 125 au 250, lakini 250 na 250 hazifanani hata kidogo. Ile ya mashindano ukiigusa mafuta inaruka, hii ya kupozwa na hewa inasukuma polepole kama inakusubiri uamue. Na two stroke, zile za injini ya mipigo miwili, ni nyepesi kweli, nazipenda, ila nyingi zinakaa kimya kimya halafu ghafla nguvu zinakuja zote kwa pamoja, na mtu mpya akishtuka anakaza mkono, na akikaza mkono anazidi kuvuta mafuta. Hapo ndo watu wanavunjika.

Yamaha TT-R125LE tuliifikiria sana, siti sm 80 na kidogo, nyepesi, mtu mfupi anaweka miguu yote miwili chini bila shida. Tatizo ni rimu zake, inchi 19 mbele na 16 nyuma, kwenye mawe na mashimo tairi dogo linazama pale ambapo la inchi 21 lingepita juu, na nilijua baada ya miezi michache ataanza kuhangaika kwenye vilima. Yamaha XT250 siti yake iko chini vizuri tu, kama sm 81, na ina taa na kila kitu cha barabarani, lakini ni kilo 130 na ushee. Honda CRF300L nayo inafika kama kilo 140. Kwa mtu atakayekuwa anaangusha pikipiki mara sita kwa siku, na ataangusha tu, hizo kilo za ziada utaziona saa nane mchana mikono ikiwa imechoka.

CRF230F ilianza kutoka 2003 ikaendelea mpaka 2019 ilipokuja CRF250F yenye injection, yaani inayopuliza mafuta bila kabureta, kwa hiyo hii unaipata iliyotumika. Cc 223, inapozwa na hewa, gia 6, kabureta, rimu 21 mbele na 18 nyuma, uzito ikiwa na mafuta na oili ni kama kilo 113, siti kama sm 87. Inawaka kwa stata tu, haina kiki, kwa hiyo betri ndo roho yake, ila kwa mtu anayejifunza stata ni zawadi kubwa, manake akizima katikati ya kilima anabonyeza kitufe tu anaendelea, hachoki na wala hapaniki. Injini hii haina cha ajabu na hapo ndo nimeipendea, unaweza kuachia klachi kwenye gia ya pili bila mafuta mengi na inaondoka tu.

Sasa sm 87 kwa mtu wa sm 158 bado ni juu. Hapa ndo nataka nikae kidogo maana ndo tulipokosea, na kosa lilituumiza.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja tukamwambia tunataka ishuke. Fundi akalegeza vile vibano vinavyoshika shokapu za mbele, akazipandisha zikatokeza juu karibu sm 2 na nusu, akafunga, akasema tayari. Nyuma hakugusa. Ukikaa unaona kweli imeshuka, tukafurahi. Kumbe pikipiki ikiinama mbele peke yake usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, kwenye ardhi ngumu unaweza usione kitu lakini kwenye mchanga tairi la mbele linaanza kutafuta njia yake lenyewe. Jumapili ile ile akaingia kwenye mchanga kwenye gia ya pili, mwendo wa kawaida tu, usukani ukakata kushoto akapiga mweleka mbele yangu. Bega likavimba, haikuvunjika kitu namshukuru Mungu, lakini wiki mbili hakutaka hata kuiangalia. Mimi nilikuwa nimeona zile shokapu zilivyotokeza na sikuuliza. Kwa hiyo kama fundi anakushushia mbele mwambie na nyuma ishuke kwa uwiano, na stendi nayo ikatwe kidogo, manake ukiishusha halafu stendi ikabaki ndefu pikipiki inasimama wima na upepo tu unaiangusha.

Nilirudisha shokapu za mbele kama zilivyotoka kiwandani, nikahamia kwenye siti. Nilitoa kava nikachonga sponji kwa kisu cha meno meno halafu nikasugua na msasa, kwenda chini nikatoa kama sm 2 tu, ila kazi kubwa niliifanya pembeni, pale siti inapokutana na tanki. Watu wanapima urefu wa siti wanasahau upana. Siti pana inasukuma mapaja nje, mguu unapoteza urefu kabla haujaanza kushuka. Nilipozikondesha zile kingo miguu yake ikashuka moja kwa moja na sasa mguu mmoja unakaa chini karibu wote, na wa pili unagusa kwa vidole. Hiyo inatosha. Nikamfundisha pia kusogeza nyonga upande mmoja akisimama, mguu mmoja imara ni bora kuliko vidole viwili vinavyotetemeka. Siti imekuwa ngumu kidogo ndiyo, ila porini muda mwingi amesimama kwenye vikanyagio.

Halafu springi. Hii pikipiki springi zake ni laini na watu wazito wanazilalamikia sana, kwa kilo 54 ndo zimemkuta penyewe. Ila lazima upime, usikisie. Nyanyua tairi la nyuma lisiguse chini, pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu wima mpaka alama uliyoweka kwenye madigadi, andika. Kisha mwenye pikipiki apande na buti na kofia na kila kitu, akae sehemu anayokaa siku zote, mtu mmoja ashike usukani, upime tena pale pale. Tofauti iwe kama theluthi ya safari yote ya shokapu, hii ya nyuma inasafiri kama mm 229 kwa hiyo tulitafuta kwenye 70 mpaka 75. Tulikuta 58, yani springi ilikuwa imekazwa kwa ajili ya mtu mzito aliyeimiliki kabla yetu. Nikalegeza ile ringi ya juu ya springi kidogo kidogo mpaka tukafika 72. Hapo hapo pikipiki ikashuka zaidi ya sm moja bila kukata wala kununua chochote, na nyuma ikaacha kumrusha kwenye mashimo.

Mikono sasa. Viganja vyake ni vidogo, mkono wa klachi ulikuwa mbali anaufikia kwa ncha za vidole, nikamfungia mikono ya klachi na breki inayosogea karibu, ile yenye skrubu ya kurekebisha umbali. Nikaizungusha kidogo kwenda chini ili akisimama kifundo cha mkono kikae sawa na mkono wote, na boliti za kushikilia sikukaza sana, ikianguka iweze kuzunguka badala ya kuvunjika. Waya wa klachi niliutoa nikaumiminia oili laini mpaka ikatokea upande wa pili, na aisee ulaini ulioongezeka sikuutegemea, alikuwa anatumia vidole vinne sasa anatumia viwili. Na waya wa mafuta niliuachia ulegee mpaka mwisho wa kiwango kinachoruhusiwa, kama mm 6 kwenye gripi, kwa sababu mtu mpya akipigwa na shimo mkono unacheza, na ule ulegevu unameza huo mchezo kabla injini haijasikia chochote. Akishazoea unaukaza tena.

Sproketi ya mbele ilikuwa meno 13 nikaweka 12. Ni kama kuongeza manne nyuma, ila ni rahisi zaidi na ni kazi ya dakika ishirini. Spidi ya juu imepungua, haina shida, alichopata ni kwamba kwenye gia ya kwanza anatembea mwendo wa mtu wa miguu bila kucheza na klachi muda wote, na kwenye kona za mawe hazimi zimi tena. Kuzima ndo kunaangusha watu wapya kuliko spidi, injini ikikata kwenye kona pikipiki inalala tu.

Upepo wa tairi: 13 psi mbele na nyuma, na tyubu nene. Ilikuja na 22 kwa mtu wa kilo 54, ilikuwa inaruka kama mpira. Ukishusha hivo hakikisha una kile chuma kinachobana tairi kwenye rimu, bila hicho tairi linazunguka peke yake linang'oa valvu. Kwenye mawe mengi napandisha mpaka 15 kwa sababu rimu ikigonga jiwe tyubu inabanwa inatoboka sehemu mbili.

Gadi za mikono na bamba la chini ya injini tuliweka mapema, sina la kuongeza hapo, weka tu kabla hujatoka nyumbani. Na hela ya ekzozi ya kelele nunua buti za kweli, zinazofika karibu na goti. Pikipiki ikilala inapenda kulalia kifundo cha mguu.

Mapungufu yapo. Asubuhi ya baridi inataka choki na subira, ukiondoka haraka inakohoa. Breki ya nyuma ni ya ngoma, ikipita kwenye maji mengi inapoteza nguvu mpaka ikauke, kwa hiyo nimemzoesha kuikanyaga kidogo kidogo akitoka mtoni. Tanki ni lita 7 na kidogo, safari ndefu ubebe akiba. Haina taa kwa hiyo barabarani sahau, kama unataka ya kwenda nayo kazini na porini hii sio yako, nenda kwenye XT250 ukubali uzito. Na kama mwendeshaji ana kilo 85 kwenda juu basi hesabu springi mpya mbele na nyuma kwenye bei, la sivyo kila akiruka kidogo itagonga chini.

Miezi mitatu ya kwanza hatukwenda mbali, uwanja tu, namba nane taratibu, kusimama na kuondoka kwenye mteremko, na kuinyanyua. Kuinyanyua tulifanya kama zoezi kabisa, nailaza makusudi yeye anageuka mgongo, anashika gripi na fremu, anatembea kurudi nyuma kwa miguu. Siku aliyoweza peke yake ndo siku mabega yalishuka. Niliona tofauti kwenye video, ile ile kona aliyokuwa anaiogopa anaangalia inakoishia.

Juzi kaniletea spana mwenyewe, anataka nimrudishie meno 13 maana kwenye njia ndefu za vumbi anasema gia zinaisha mapema. Nimemwambia ile sproketi ya zamani iko kwenye droo, afungue mwenyewe mimi nitaangalia.