Tahadhari kwa ARMY wa Nakuru, Kisumu na Kakamega: kuna muuzaji wa oda za pamoja anayekula pesa za mashabiki wa BTS

ARMY wenzangu (ndivyo tunavyojiita mashabiki wa BTS, kundi la wanamuziki saba wa Korea Kusini), tafadhali someni yote haya kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna muuzaji aliyekusanya pesa za mashabiki hapa Nakuru akisema anaagiza albamu na taa za BTS kutoka Korea Kusini. Alipobanwa alifunga ukurasa wake. Sasa amefungua mwingine wenye jina jipya, na anapokea oda za Kisumu na Kakamega. Tumemtambua kwa picha. Mizigo anayoonyesha ni ile ile aliyotuonyesha sisi, imepangwa juu ya kitambaa kile kile cha zambarau chenye maua meupe, na doa la wino liko pale pale kwenye kona ya kushoto. Hakujisumbua hata kupiga picha mpya.

Simtaji jina hapa. Majina anayotumia mtandaoni anayabadilisha kila anaposhtukiwa, na lile lililotokea kwenye M-Pesa tunalipeleka polisi, ndiko linakotakiwa kufika.

Nataka mwelewe jinsi alivyotupata, kwa sababu hakuja kama mkora. Alikuja kama mmoja wetu. Kila Juni 13, siku ambayo BTS walianza rasmi mwaka 2013, baadhi yetu hukutana kwenye bustani ya Nyayo Gardens hapa Nakuru, tukakata keki na kupiga nyimbo zao kwa spika ndogo. Katika mkutano mmoja wa hivyo alituma bahasha ya fotokadi (kadi ndogo zenye picha za wanamuziki) na vibandiko vigawiwe bure, na kikaratasi kilichoandikwa "borahae", neno letu ARMY la kuambiana "nakupenda", kwa kalamu ya zambarau. Hakuna aliyemwona ana kwa ana, lakini kila aliyekuwa pale alirudi nyumbani na zawadi yake. Ukimwandikia usiku wa manane anajibu. Anajua nani kati ya wale saba alimaliza utumishi wa lazima wa taifa kule Korea tarehe ngapi: Jin Juni 12, 2024, J-Hope Oktoba mwaka huo huo, RM na V Juni 10, 2025, Jimin na Jungkook kesho yake, Suga Juni 21. Ukimwambia unampenda nani zaidi kati ya wale saba, hasahau.

Sisi tumezoea kuaminiana na pesa. Juni 2020, BTS na kampuni yao walipotoa dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, harakati za kutetea watu weusi Marekani, mashabiki duniani kote walichanga kiasi kama hicho kwa muda wa kama siku moja, watu wasiojuana hata kwa sura. Hapa kwetu tunachangiana keki, mabango ya siku za kuzaliwa, hata nauli ya mwenzetu wa Njoro asikose mkutano. Ni jambo zuri na sitaki tuliache. Lakini huyu aliona mlango ulio wazi akapita hapo hapo. Kujua BTS kwa undani kunaonyesha kwamba mtu ana intaneti na muda. Hakuonyeshi lolote kuhusu uaminifu wake na pesa ya mwenzake.

Wakati nao aliuchagua vizuri. Julai 1, 2025 wale saba walitokea pamoja na kutangaza kwamba albamu mpya na ziara vinakuja mwaka unaofuata. Tulikuwa tumengoja tangu Jin alipoingia jeshini Desemba 2022. Watu walilia kwenye simu. Wiki hiyo hiyo oda yake ilifunguliwa: albamu za zamani shilingi 2,600 moja, taa ya ARMY Bomb, ile ya kushika mkononi kwenye tamasha, shilingi 3,800 pamoja na usafiri hadi Nakuru, nafasi chache, anayewahi ndiye apataye.

Oda ya pamoja yenyewe haina ubaya. Kilo ya kwanza ya mzigo kutoka Seoul ndiyo ghali, zinazofuata huwa nafuu, kwa hiyo watu ishirini wakiweka albamu zao kwenye sanduku moja kila mmoja analipa kidogo. Wako wanaoifanya kazi hii Kenya kwa uaminifu mkubwa, na mimi nina albamu kwenye kabati zilizofika kupitia mikononi mwao. Ndiyo maana huyu ananiuma zaidi, maana anawaharibia na hao.

Sasa alivyofanya. Oda ndogo za mwanzo, vishikizo vya funguo na vibandiko, zilifika. Waliopokea wakaposti kwenye statasi zao, na kila statasi ikamletea wateja wengine. Ilipofika oda kubwa alitaka pesa yote mbele, kwa namba ya simu ya kawaida. Ukiingiza namba, M-Pesa inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, na jina lile halikuwa lake. Waliouliza waliambiwa ni laini ya mama yake. Mwezi ukapita. Akasema mzigo umefika uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, lakini forodha wameuzuia, kila mtu aongeze shilingi 850 ya ushuru. Wengi wakaongeza, kwani ukishatoa elfu sita unaogopa kuzipoteza kwa sababu ya mia nane. Waliogoma wakafungiwa. Waliopiga kelele sana hadharani walirudishiwa kidogo, kisha akachukua skrinishoti za kuwarudishia na kuzionyesha wengine kama ushahidi kwamba yeye ni mwaminifu.

Ushuru wa forodha Kenya hulipwa kwa KRA, mamlaka ya kodi, na unapewa risiti yao. Hakuna ushuru unaolipwa kwa laini ya mama wa mtu. Mtu akikudai ushuru, muombe hati ya tathmini iliyoandikwa jina la mwenye mzigo na orodha ya vitu. Aliye na mzigo kweli anayo, kwa sababu hawezi kuutoa bila hiyo.

Muombe pia namba ya kufuatilia kifurushi. Hapa ndipo mmoja wetu, msichana anayefanya kazi ya kupokea vifurushi mjini, alimgundua. Kifurushi cha EMS, huduma ya haraka ya posta, kutoka Korea Kusini huwa na herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa katikati, na KR mwishoni, jumla alama 13. Namba aliyotutumia ilikuwa na tarakimu nane. Alipoulizwa akasema mfumo wa posta haujasasishwa. Namba ya kweli unaiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya posta na unaona mzigo ulipochukuliwa na ulipo. Usikubali skrinishoti ya safari ya mzigo, kwa sababu skrinishoti inatengenezwa kwa simu ndani ya dakika tano.

Jambo jingine lililopaswa kumfichua mapema ni ahadi ya fotokadi. Alikuwa anauza "albamu mpya haijafunguliwa, kadi ya Jungkook uhakika". Albamu iliyofungwa kiwandani hubeba kadi ya bahati nasibu ndani yake, na hakuna muuzaji, hapa wala Seoul, anayejua ni ya nani mpaka ichanwe. Anayekuahidi kadi ya mtu fulani ama ameshaifungua, ama anauza kadi iliyochapishwa kwenye duka la fotokopi. Zile za bure za Nyayo Gardens tuliziweka kando ya kadi halisi baadaye. Rangi ya ngozi ilikuwa imeelekea wekundu, maandishi madogo ya nyuma yalikuwa na ukungu, na kona zilikatwa kwa mkono, hata mbili hazikulingana.

Taa tatu zilifika, zikapewa waliopiga kelele zaidi. Moja niliishika. Ni nyepesi kama chupa tupu ya maji, nembo kwenye tufe imekaa upande, na kibandiko cha hologramu hakipo. Ukibonyeza inawaka, rangi zinabadilika, mtoto anaweza kuifurahia. Lakini ARMY Bomb za miaka ya karibuni, kuanzia toleo la tatu la 2018, zinaunganishwa na simu kwa Bluetooth kupitia programu yake. Ukiwa uwanjani unaingiza namba ya kiti chako, na taa zote zinaongozwa kwa pamoja kufuata wimbo. Taa hii tuliyoletewa haikuonekana kwenye simu yoyote tuliyojaribu. Mwenye taa alikuwa ameibeba kwenye mfuko wa zawadi, bado imefungwa utepe, na alikaa kimya muda mrefu tulipomwambia.

Naomba pia mwe macho sana na hili la uanachama, kwa sababu kwenye ukurasa mpya ndilo analolisukuma. Anauza "kadi ya ARMY" ya plastiki akidai itakupa haki ya kununua tiketi mapema, na anawaambia watu Nairobi iko kwenye mipango. Uanachama rasmi unanunuliwa ndani ya Weverse, programu rasmi ya mashabiki, kwa akaunti yako, kwa barua pepe yako. Haki ya tiketi za mapema imefungwa kwenye akaunti hiyo, na kadi ya plastiki ya mtu wa katikati haifungui chochote. Tamasha lolote la BTS hutangazwa na wao wenyewe, kwenye Weverse na kurasa zao rasmi. Baya zaidi, wawili waliwahi kumpa nywila ya akaunti na ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu, ili "awaandikishe". Wamepoteza akaunti. Kama ulimpa, badilisha nywila leo, na kama ulitumia nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe, anza na barua pepe.

Kilichomsaidia sana huyu mtu ni aibu. Mmoja wa waliolipa yuko kidato cha tatu, alisuka watu nywele Kaptembwo likizo nzima ya Agosti apate pesa ya albamu mbili. Alipomwambia baba yake alijibiwa kwamba pesa ya Wakorea ikipotea asiambiwe. Mwingine yuko chuo na hajamwambia mtu nyumbani mpaka leo. Wizi ni wizi hata kama kilichoibwa kilikuwa cha kununua furaha. Mtu akiibiwa pesa ya mbolea mtaa mzima unamsaidia kutafuta mwizi, lakini shabiki akiibiwa anachekwa, na mwizi anajua hilo. Wazazi mnaosoma hapa, nawaomba kwa heshima: mtoto akija na habari hii, muulizeni namba aliyotumia pesa kabla hamjamuuliza kwa nini anapenda BTS.

Kama umetuma pesa sasa hivi na umeshtuka, usimpigie simu muuzaji kwanza. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa irudishwe. Dakika ni muhimu, kwa sababu mpokeaji akishazitoa kwa wakala ni vigumu sana kuzipata kwa njia hiyo. Namba ya mlaghai iripoti kwa Safaricom kupitia 333. Kama muda umepita, usifute chochote. Mazungumzo, sauti alizotuma, picha za ukurasa kabla haujafungwa, yote yaweke. Ukiwa umefuta jumbe za M-Pesa, taarifa ya malipo unaipata kwa *334#.

Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe, na uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kupata pesa ya mtu kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka mitatu. Ukiambiwa ni pesa ndogo, taja kifungu kwa upole na ungoje uandikiwe. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nao wana laini ya bure, 0800 722 203. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Huko wakili si lazima, ila lazima ujue unayemshtaki, ndiyo maana lile jina la M-Pesa lina thamani kubwa.

ARMY wa Kisumu na Kakamega, ukurasa wenye kitambaa cha zambarau na doa la wino msiuguse. Mkitaka oda ya pamoja, muulizeni anayeiendesha awapigie simu ya video akiwa na mzigo uliopita mkononi, awaonyeshe oda yenyewe ndani ya akaunti yake ya duka, na apokee pesa kwa Till, namba ya M-Pesa ya biashara, yenye jina la biashara yake. Waaminifu hawakasiriki wakiulizwa, na ninaowajua mimi huonyesha hata kabla hujauliza.

Wa Nakuru mliolipa oda ile kubwa, hasa ambao hamjajitokeza: tunaandikisha malalamiko kwa pamoja, kwa sababu majina mengi kwenye namba moja ya simu yana uzito kuliko kila mmoja kwenda peke yake. Nitumieni ujumbe wa faragha wenye tarehe mliyotuma na kiasi. PIN yenu na nywila zenu msinipe mimi wala mtu yeyote. Siku ya kwenda, njoo na kitambulisho. Kama hujafikisha miaka 18, njoo na mzazi au mlezi, na akikataa niambie, kuna kina mama wawili kati yetu ambao wako tayari kuja nyumbani kuzungumza naye.